Mtoto Aliyekatazwa Kulia

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana nikiwaachia wengine walisimulie watalitia chumvi. Mtoto wa kaka yangu nilimchapa. Makofi mawili tu ya kiganjani, lakini nilimchapa, na nilimchapa kwa sababu ya vikombe.

Wakati huo alikuwa na miaka saba. Nyumbani tulimwita Bosi. Baba yake, kaka yangu mkubwa, alikuwa fundi makochi, na mimi ndiye niliyekuwa nikimshonea vitambaa. Tangu anajifunza kutambaa, Bosi alikulia karakanani kwetu, akikaa juu ya kochi lolote ambalo halijamalizika na kutoa amri. "Baba, hilo pindo limepinda. Shangazi, mteja anakuja, ficha chai." Wateja walimpenda sana. Wengine walikuja kuulizia bei wakaondoka wameisahau bei, lakini wiki nzima wanasimulia habari za yule mtoto.

Sasa vikombe. Kila akipewa chai ya moto akaanza kuipuliza, hazipiti dakika mbili kikombe kiko chini, vipande vipande. Akigombezwa akatumwa sahani, na sahani nayo chini. Akilia sana, mkono wake wa kulia ulikuwa unalegea na kuning'inia tu, na ukimuuliza una nini anakutazama bila neno. Dakika tano, kumi, huyo, yuko nje anacheza na wenzake. Wewe ungesema nini? Sisi tulisema anadeka, na aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote ni mimi. "Mkono gani huu unaokufa saa ya kuosha vyombo tu? Saa ya kula mbona mzima?" Watu wakacheka. Nilikuwa napenda watu wacheke.

Kikombe cha tano kilivunjikia juu ya kitambaa cha mteja, kitambaa cheupe, nami nilikuwa nimekikata asubuhi ile ile. Nikamvuta, nikampa makofi yake mawili. Akalia kwa kwikwi, na nikiwa bado nafoka nikaona mdomo wake unavutika upande mmoja. Akajaribu kusema "shangazi" ikatoka sauti tu, haina herufi ndani yake. Nilimwita kaka kwa ukelele mpaka fundi redio wa mlango wa pili akaja na bisibisi yake mkononi. Kaka alimpakata mwanawe pale pale sakafuni. Mimi hakunitazama, na nilijua kwa nini.

Baada ya robo saa alikuwa anaongea kama kawaida, ila safari hii hatukumwachia aende kucheza. Tukazunguka naye. Zahanati ya kwanza wakasema minyoo. Ya pili wakasema uchovu. Ya tatu wakatuuliza kama nyumbani kuna ugomvi. Kwa miezi mitatu tulisikia kila kitu, mpaka tukafika kwenye hospitali kubwa yenye mashine ya kupiga picha ndani ya kichwa, na daktari wa ubongo, kijana mwembamba mwenye sauti ya chini kama anaogopa kumwamsha mtu, akatuita sote watatu, mimi, kaka na wifi yangu, akachora kwenye karatasi.

"Mishipa hii miwili," alisema, "ndiyo inapeleka damu sehemu kubwa ya ubongo. Kwa mtoto wenu inazidi kuwa myembamba. Mwili wake umejaribu kujisaidia, umeotesha vijishipa vidogo vidogo pembeni. Ndivyo hivi. Kwenye picha vinaonekana kama moshi."

Kaka aliitazama ile picha muda mrefu. "Mimi naona kama uzi uliofumuka," akasema.

"Haya, uzi. Ni sawa pia."

Ugonjwa una jina lake, daktari alilitaja mara mbili na wala halikukaa kichwani mwa yeyote kati yetu. Alisema ni nadra, yeye mwenyewe tangu aanze kazi ameona watoto watatu tu. Hauambukizi, na hakuna aliyeuleta. Halafu akaeleza vile vikombe. Mtoto akihema kwa kasi, alisema, mishipa ya kichwani inazidi kubana, na upande wa ubongo unaokosa damu unazimika kidogo. Kupuliza chai ya moto ni kuhema. Kupuliza puto ni kuhema. Kulia kwa kwikwi nako ni kuhema. Tukaitikia, tukasema tumeelewa, tukashukuru. Njiani wifi akasema, "Kwa hiyo asilie." Kaka akasema, "Asilie kabisa." Na hiyo ndiyo ikawa sheria ya nyumba.

Loo, ile sheria! Chai ilinywewa imepoa mpaka ina utando juu. Redio ikianza habari za ajali inazimwa. Timu yake ya mpira ikifungwa, tunamwambia mechi imeahirishwa, na kwa kuwa ilikuwa timu mbovu, msimu ule mechi zake ziliahirishwa karibu zote. Majirani waliagizwa, mwalimu akaagizwa, hata mwenye duka akaagizwa asimwambie biskuti zimekwisha. Na Bosi naye si mjinga. Alikuwa akiinua kidole kimoja na kusema, "Nitalia," taratibu tu, kama mtu anayetaja saa, na sisi watu wazima tunagongana mlangoni. Mama yake, ambaye anafua na kupiga pasi mashuka ya hoteli moja kutwa nzima, anarudi amechoka miguu imevimba, na bado anatumwa dukani na mtoto wa darasa la pili. Nilichukia. Lakini mimi, baada ya yale makofi, ningesema nini?

Alipotimiza miaka nane akapasuliwa upande wa kushoto. Walichukua mshipa ulio chini ya ngozi ya kichwa, pale juu ya sikio, wakaulaza juu ya ubongo ili uote matawi na kuleta damu kwa njia nyingine. Hauoti kwa siku moja. Miezi sita, daktari alisema, ndipo tutapiga picha tuone. Mpaka hapo anywe maji ya kutosha, dawa asikose, asihemeshwe. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umenyolewa, na kaka akamshonea kofia ya mabaki ya mahameli ya makochi, ya kahawia, na kifungo juu. Bosi akaikagua ndani na nje, akasema mshono wa shangazi ungekuwa bora zaidi. Kaka alicheka mpaka akashika ukuta.

Wiki ya tano baada ya upasuaji, kaka yangu akafa.

Ilikuwa mchana, saa tano na nusu. Alikuwa anagongelea mkono wa kochi la mteja, akasema kiungulia kinamsumbua, akaweka nyundo chini na kukaa kwenye kochi lingine ambalo bado lilikuwa sponji tupu. Mimi nilikuwa kwenye cherehani nimempa mgongo. Nikamwambia, "Kaka, usinikandamizie hiyo sponji, ni ya watu." Hakujibu. Nikasema tena, kwa ukali. Walisema ni moyo. Mpaka leo maneno yangu ya mwisho kwake ni hayo ya sponji, na nimeshayakubali, kwa sababu hakuna wa kunibadilishia.

Bosi alikuwa nyumbani kwa mama yake mdogo siku ile, na huko huko tukamwacha mpaka tulipomaliza kuzika. Kisha tukakaa kikao, ukoo mzima, sebuleni, kwenye makochi ya marehemu. Kaka wa wifi ndiye aliyeongoza. Ni dereva wa malori, mtu mkubwa mwenye roho laini, na akishaamua jambo halibadiliki. "Mtoto mshipa wake ndiyo kwanza unaota," akasema. "Mkimwambia leo, mtazika wawili." Hakuna aliyebisha. Aliyeuliza sasa tumwambie nini ni wifi, na aliyesema tumwambie baba amesafiri kufuata mbao, jamani, ni mimi.

Tukauanza ule uongo. Nguo za kaka zikabaki zimetundikwa nyuma ya mlango. Wifi akavaa nguo zake za kila siku, akapaka mafuta, akaimba akiwa jikoni. Kulia alikwenda kulilia kazini, kwenye chumba cha pasi, ambako kila mtu uso umelowa jasho na hakuna anayekuuliza. Kabla ya kurudi ananawa, anakuja anacheka. Mimi nikabaki na Bosi karakanani kutwa, maana shule alikuwa hajaruhusiwa, nikawa namalizia kazi za kaka moja moja na kusema, "Hili baba yako ameniachia maelekezo." Sikuwa nimeachiwa lolote.

Wiki ya pili mjomba, yule dereva, akaona haitoshi. Akapiga simu akijifanya ndiye kaka yangu. Aliifunika simu kwa leso na kukohoa, ili sauti ikionekana tofauti iwe ni mafua. Niliweka simu kwenye spika.

"Mwanangu, hujambo? Ni baba. Mbao huku zimekuwa shida kweli. Koh! Koh!"

"Sijambo, baba," Bosi akasema. "Pole na mafua. Kunywa maji ya vuguvugu."

"Nitakunywa, mwanangu. Uwe na adabu."

"Sawa."

Akanirudishia simu, akaendelea kuchambua vifungo. Lilikuwa zoezi alilopewa hospitali, kuokota vifungo kwa mkono wa kulia, kimoja kimoja, na kuvitia kwenye kopo. Tangu siku hiyo hakuuliza tena baba anarudi lini. Tukapongezana! Mjomba alitembea kifua mbele kama mtu aliyeshinda uchaguzi. "Si niliwaambia? Ameamini." Na lile neno "Nitalia" nalo hatukulisikia tena, tukasema mtoto amekua.

Miezi sita ikatimia. Picha ikapigwa, na daktari akageuza skrini yake tuone. Matawi yalikuwa yameota, membamba lakini yapo, hata mimi niliyaona. Mkono ulikuwa umelegea mara mbili tu katika miezi yote hiyo. Upande wa kulia watapasua mwakani, akasema, na kwa sasa anaweza kurudi shule, nusu siku, kuanzia Jumatatu. Wifi akamshika daktari mikono yote miwili. Tulipotoka kwenye korido ndipo nilipoona uso wake umebadilika.

"Jumatatu," aliniambia kwa sauti ya chini. "Wifi, shule nzima inajua."

Nilielewa papo hapo. Watoto wenzake walikuwa wamesikia kwa wazazi wao, baadhi walikuja hata mazikoni. Mmoja wao angesema, wala si kwa ubaya, wakiwa kwenye foleni ya maji. Naye angelisikia pale, hana mtu wa kumshika.

Kikao kikakaa tena Alhamisi. Mjomba akasema dawa ni moja, mtoto asiende shule mpaka upasuaji wa pili, mwaka mmoja tu mwingine. Hapo nikapasuka. "Shemeji, hizo mbao zinafuatwa kwenye msitu gani? Miezi mitano! Mtu angekuwa amepanda mti ukakua!" Akasema nataka kumuua mtoto. Nikasema tayari nilishamchapa mtoto mgonjwa, sitamdanganya tena maisha yake yote, na kama ni lazima ayasikie basi atayasikia kwa mtu anayempenda, akiwa amekaa, mchana kweupe. Nilisema mengi, mengine sikuyafikiria kwanza.

Mwishowe wifi akasema, "Basi utamwambia wewe. Mimi nikifungua mdomo nitalia, naye akiniona..." Halafu akasema, "Ila wifi, akipatwa na kitu, mimi na wewe..." Hakuimaliza, na sikumwomba aimalizie. Nililala na hilo siku mbili. Ndivyo ilivyokuwa: neno moja kutoka kinywani mwangu lingeweza kumzima mtoto ubongo, na nisipolisema lingesemwa na mwingine kwenye foleni.

Jumamosi asubuhi nilijipanga kama mtu anayekwenda vitani. Nilimwomba fundi redio aegeshe gari lake mbele ya mlango, funguo mfukoni, asiende popote. Nikatandika sponji mbili sakafuni, endapo ataanguka. Nikajaza jagi maji. Nikaizima cherehani. Bosi alikuwa kwenye kiti kirefu na kopo lake la vifungo, kovu limeshafunikwa na nywele fupi, na alinitazama nikizunguka-zunguka.

Nikakaa mbele yake. Nilikuwa nimeyakariri maneno usiku kucha, yote yakanitoka kichwani. "Bosi, mwanangu," nikaanza, "unajua mtu... moyo wa mtu, kuna wakati..." Nikaanza upya. "Baba yako, pale alipokuwa..."

Akaweka kifungo kwenye kopo. "Shangazi, unataka kuniambia baba amekufa."

Nikainamisha kichwa.

"Nilishajua," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Yule mteja, mama aliyeleta viti vya saluni. Ulikuwa umekwenda kununua uzi. Akaniambia, pole mwanangu kwa kufiwa na baba. Nikamwambia asante."

"Lini hiyo?"

Akafikiri. "Kabla mjomba hajanipigia simu."

Kumbe siku ile mjomba anakohoa kwenye leso, mtoto anamjibu huku anajua baba yake yuko kaburini. Nikamuuliza alijuaje kama ni mjomba. Akanitazama kwa huruma, kama nimeuliza swali la kijinga. "Baba haniiti mwanangu, ananiita Bosi. Halafu mjomba hajui kukohoa."

"Sasa mbona hukusema? Miezi yote hii, mbona ulinyamaza?"

"Mama alikuwa anaimba," akasema. "Nikaona anataka iwe hivyo. Ningesema, mngelia."

Nilikuwa nautazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa umetulia juu ya goti, vidole vimeshika kifungo. Nikamuuliza lile lililokuwa limebaki. "Na wewe je? Hukulia?"

"Nililia. Kila ukienda kununua uzi nalilia pale nyuma, kwenye sponji. Nalia polepole." Akaniona sielewi. "Dada wa mazoezi alinifundisha hospitali, mama alipokuwa ameenda kuchukua dawa. Unavuta pumzi kwa pua, unahesabu mpaka nne. Unaitoa, unahesabu mpaka sita. Machozi yanashuka yenyewe, hayana neno. Daktari alikataza kuhema, shangazi. Hakukataza machozi."

Jamani. Watu wazima wangapi tulikuwa kwenye chumba cha yule daktari? Watatu, tuna akili timamu, tumeitikia kila neno. Mtoto wa miaka minane alikaa na msiba wake nyuma ya sponji, akihesabu nne na sita peke yake, ili sisi tusilie, na mimi muda wote huo niko dukani nabishania rangi ya uzi. Nilijaribu kujikaza nikashindwa. Nililia kwa sauti, kwa kwikwi, mabega yanaruka, na fundi redio akatokea mlangoni mbio akidhani ndiyo tayari, mtoto ameanguka.

Bosi akashuka kwenye kiti. Akamimina maji kutoka kwenye lile jagi, akanipa. Akaweka mkono wake tumboni mwangu, ule ule wa kulia. "Kwa pua, shangazi. Unakosea. Moja, mbili..."

Hapo ndipo wifi alipoingia. Alikuwa ameshindwa kukaa kazini, ametoka na sare yake ya hoteli, viatu vya ndani miguuni. Aliona mimi nalia, akaona sponji zimetandikwa chini, akashika fremu ya mlango na uso wake ukawa majivu.

"Mama, niko mzima," Bosi akasema upesi. "Nilishajua. Siku nyingi. Njoo ukae."

Wifi akaja akakaa. Alimshika mtoto uso, akamgeuza kushoto, kulia, akautazama mdomo, akaushika mkono na kuuminya. Ulimwitikia. Hata hivyo alikuwa bado anabana midomo, machozi ya miezi mitano ameyazuia, na hakuthubutu kuyaachia.

"Lia tu, mama," Bosi akamwambia. "Ila usiharakishe."

Akalia. Mara ya kwanza mbele ya mwanawe. Bosi alikaa katikati yetu, machozi yake mwenyewe yanashuka, akituhesabia sote wawili, na akirudi nyuma kila tukikosea, mkali kama siku zote. Ilichukua muda mrefu. Mteja mmoja alichungulia, fundi redio akamrudisha kwa ishara ya mkono.

Sauti ya mama yake ilipotulia, Bosi akafuta uso kwa kiganja, akauliza baba amezikwa wapi. Alisema hilo mama wa saluni hakumwambia, na tangu siku ile alikuwa akitaka kujua, lakini hakuwa na wa kumuuliza.